Mita Iliyozungushwa na Hewa

Kwa miaka thelathini na moja mtu huyu alisoma mita za maji. Asubuhi alitoka na daftari lenye jalada gumu, tochi ndogo, na fimbo ya chuma ya kufunulia vifuniko; jioni alirudi suruali imelowa magotini. Mtaani jina lake la kuzaliwa lilishasahaulika. Wakubwa kwa wadogo walimwita Bwana Mita, naye aliitika bila kinyongo. Alipostaafu, idara ya maji ilimpa barua ya shukrani na saa ya ukutani. Saa hiyo aliilinganisha na simu kila adhuhuri, na ikichelewa hata dakika moja aliishusha, akairekebisha huku akiisema vibaya.

Watu wa namna hii mnawajua. Ukimwambia leo kuna joto, anakuuliza nyuzi ngapi.

Kazini alikuwa na jibu moja tu kwa walalamikaji wote: "Mita haidanganyi." Mtu angemjia juu, aape kwamba mwezi mzima bomba lilikuwa kavu, kwamba kilichotoka ni hewa, inakoroma tu humo bombani na mita inazunguka kwa hiyo hewa. Bwana Mita angechutama, asome, aandike, asimame. "Mita haidanganyi. Ikizunguka, kuna kilichopita. Lipa." Hata dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alipolalamikia hewa hiyo, Bwana Mita alimjibu hivyo hivyo, tena mlangoni kwake, majirani wakiangalia. Dada alilipa. Siku hiyo hakumkaribisha ndani.

Dada ni fundi cherehani. Chumba chake cha kazi kinatazama barabara: meza ya kukatia, cherehani mbili, moja nzima na moja ya kutolea vipuri, chaki ndani ya kopo, na vipande vya vitambaa hadi chini ya kiti. Mtoto wa jicho alimwingia macho yote mawili polepole. Alianza kwa kulaumu taa. Alibadilisha balbu tatu, na alipofika ya nne akakubali kwamba balbu hazina kosa. Kukata alikata kwa kupapasa, na cherehani yake aliijua hata gizani, ila kutunga uzi kwenye sindano kulimshinda kabisa. Basi kila Jumamosi asubuhi Bwana Mita alifika, akavaa miwani, akatunga sindano thelathini za rangi mbalimbali na kuzichomeka kwenye kipande cha sponji. Hiyo ndiyo akiba ya wiki.

Alikuja siku zote na shati lile lile la kijivu. Dada alimshonea mwaka juzi, macho yakiwa yameshaanza kumpa taabu, akamvalisha na kumzungusha.

"Limekaa?" aliuliza.

"Limekaa sawasawa," alijibu Bwana Mita, na mambo yakaishia hapo.

Sasa dada ana mtoto mmoja wa kiume, anayefanya kazi ya kompyuta nchi ya mbali. Wenzake wanawaachia mama zao majokofu. Huyu alimwachia mama yake sarafu za mtandaoni mia moja na sabini, ndani ya simu, ambazo huwezi kuzishika wala kuzifunga kwenye kanga. Kabla ya kuondoka aliwakalisha mama na mjomba wake, akawaeleza. Sarafu hizi zinafungiwa ili zizae. Kuna watu wenye mitambo inayohakiki malipo ya wengine mchana na usiku, wanaitwa wahakiki. Unamdhamini mmoja kwa sarafu zako; mtambo wake ukifanya kazi analipwa, na wewe unapata fungu lako. Mmoja alikwisha kuwachagulia. Na ukitaka kuzifungua, unasubiri siku ishirini na moja.

"Mama haoni maandishi," kijana alisema. "Mjomba, wewe ndiye mtu wa mita. Chagua ukurasa mzuri wa kufuatilia, uwe unamsomea."

Mtu wa mita! Hapo alimkuna pale pale panapomwasha.

Bwana Mita alilichukulia jambo hilo kama ajira mpya. Alinunua daftari. Kwa wiki mbili alizikagua kurasa hizo, ambazo wenyewe wanaziita dashibodi, kama ile ya gari. Ya kwanza, kabla ya kumwonyesha chochote, ilimtaka aandike yale maneno kumi na mawili ya siri yanayofungua pochi ya sarafu. "Ala! Msoma mita gani anaomba ufunguo wa nyumba?" alisema, akaifuta papo hapo. Tumpe haki yake: kuna wasomi walioingia mtego huo mzimamzima.

Ya pili ilikuwa ya kijivu, mistari juu ya mistari. Jina la mhakiki, hali ya mtambo wake, tarehe za malipo. Namba yake ilikaa tuli kutwa nzima na kubadilika pale tu kitu kilipolipwa kweli. Aliipa jina la Karani. Ya tatu aliiita Bibi Harusi, maana ilikuwa imepambwa ikapambika: duara la kijani linalojaa, maua yanayochanua ukiigusa, na katikati hesabu ya sarafu yenye tarakimu nyingi baada ya nukta. Zile za mwisho zilikuwa zinakimbia mbele ya macho yako, hazitulii hata nukta moja ya saa.

Aliitazama kwa muda mrefu. Miaka thelathini na moja alikuwa akitafuta kitu hicho hicho kila shimo alilochungulia, kile kigurudumu kidogo kinachozunguka. Kwake yeye mita iliyotulia imekufa au imeziba. Ya Karani ilitulia. Ya Bibi Harusi ilizunguka, na ikizunguka kuna kilichopita. Alimchagua Bibi Harusi bila kusitasita. Karani alimwacha simuni kwa sababu moja tu, kwamba hajawahi kutupa chombo cha kazi.

Baada ya miezi sita hivi habari zilikuja kutoka hospitali. Bingwa wa macho angekuja kwa wiki moja tu mwishoni mwa mwaka. Wakapiga hesabu na kijana kwa simu: upasuaji wa jicho moja ni kama sarafu mia. Tangu hapo dada hakuuliza tena habari za sarafu.

"Macho mangapi leo?" aliuliza kila Jumamosi, kabla hata kaka yake hajaketi.

"Jicho moja na robo tatu, na ushee."

Wiki baada ya wiki ushee ulikua. Jumamosi moja Bwana Mita alisoma mara mbili, akavua miwani, akaifuta, akasoma mara ya tatu. "Macho mawili, dada. Mawili kamili." Dada aliweka mkasi mezani, akalia waziwazi, machozi yakidondokea kitambaa cha mteja. Jumatatu alipokea oda ya sare arobaini za shule. Kila aliyeingia chumbani aliambiwa kwamba mwenye chumba hiki atafunguliwa macho yote mawili, kwa hiyo wanaomlipa kwa noti zilizochanika wajiangalie.

Zilipobaki siku ishirini na tatu bingwa awasili, Bwana Mita aliketi kwenye meza yake ya kulia chakula azifungue sarafu. Pochi ilimwandikia kwamba zilizopo ni mia moja sabini na tano.

Alidhani pochi ina hitilafu. Alizima simu, akaiwasha. Mia moja sabini na tano. Kwa Bibi Harusi namba ilikuwa inakimbia vilevile, mia mbili na moja nukta kadha wa kadha, maua yanachanua. Ndipo alipomfungua Karani, ambaye hakumgusa tangu siku ya kwanza. Pembeni ya jina la mhakiki wao paliandikwa neno moja jekundu: *amesimamishwa*. Na tarehe. Alihesabu kwa vidole, akarudia. Miezi saba.

Alimpigia mpwa wake.

"Mjomba, naona," kijana alisema, vidole vikibofya kompyuta. "Mtambo wake ulizimika, wakamsimamisha. Tangu hapo hatujalipwa kitu, na zetu chache zimekatwa kwa adhabu."

"Na huyu anayezunguka?"

"Huyo anapiga hesabu ya kile ambacho ungepata mambo yakienda sawa. Shuka mpaka chini kabisa, kuna maandishi madogo."

Bwana Mita alishuka. *Makadirio*, yalisema maandishi, madogo kama mchanga.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unaangalia, mjomba."

Neno hilo, makadirio, lilimkata maini. Idarani waliokuwa wakikaa kibandani na kujaza daftari kwa kukisia waliitwa wasoma mita wa kitandani. Yeye mwenyewe alimripoti mmoja wao, na jamaa alifukuzwa kazi akiwa na watoto wanne. Alifungua daftari lake jipya. Jumamosi thelathini za mwisho, mwandiko umenyooka, na hakuna namba hata moja ya kweli kati yake. Aliona aibu, tena aibu ile ya mtu mzima, ambayo haina pa kuipeleka.

Jumamosi alifika mapema. Alitunga sindano thelathini. Akaanza nyingine.

"Leo unatunga kama unayekimbizwa," alisema dada. "Haya, macho mangapi?"

"Jicho moja na robo tatu."

"Wiki iliyopita yalikuwa mawili."

"Wiki iliyopita nilikusomea makadirio. Na iliyotangulia. Miezi saba yote, dada." Akamweleza kila kitu, mtambo uliozimika, adhabu, Karani aliyemdharau, bila kujitetea. Dada alisikiliza huku vidole vyake vikitembea juu ya upindo wa sketi, kwenda na kurudi.

"Kwa hiyo namba ilikuwa inazunguka," alisema mwisho, "na hakuna kilichokuwa kinapita."

"Hakuna."

"Sasa ilikuwa inazungushwa na nini?"

Alijua dada anampeleka wapi. Angeweza kusema kompyuta.

"Hewa," alisema.

Dada alicheka, kicheko kikavu, kikaisha haraka. "Miaka kumi na minne nasubiri neno hilo litoke kinywani mwako. Na bado nimekasirika, usije ukadhani sijakasirika. Nimeshapokea oda ya watu!"

"Nitauza pikipiki, nikujazie."

"Pikipiki ile! Hata mwizi akiiona anaihurumia." Aliusukuma upindo pembeni. "Fungua mia moja, jicho moja linatosha kusoma mita. Zilizobaki zitafutie mhakiki mwenye mtambo unaofanya kazi. Na sare ishirini nitawarudishia wenyewe, nitasema nilijipima vibaya."

"Useme ni mimi."

"Nitasema ninavyotaka. Chumba changu."

Alifanya kama alivyoagizwa. Safari hii alimsoma Karani mstari kwa mstari: mhakiki yupi hajawahi kuzimika, anakata kiasi gani, ana muda gani kazini. Alipata mmoja na kumhamishia zile sabini na tano, kisha akawasha kengele ya Karani, inayotuma ujumbe mtambo ukisimama. Bibi Harusi alimfuta na maua yake. Mwisho alichukua rula na kalamu nyekundu, akapitia zile Jumamosi thelathini, na mbele ya kila namba akaandika: makadirio. Ilimchukua mchana mzima.

Jicho la kulia lilifanyiwa upasuaji siku ya tatu ya ujio wa bingwa. Jumamosi ya pili baada ya bandeji kutolewa, Bwana Mita alikuta sponji limekaa tupu mezani. Dada alikuwa dirishani, sindano mkono mmoja, uzi mkono wa pili. Alikosa, akakosa tena, akaulamba uzi, ukapita. Aliichomeka sindano kwenye sponji na kunyoosha mkono.

"Lete simu. Karani ndiye yupi?"

Alimwonyesha. Dada aliisogeza simu, akaisogeza nyuma, akasoma mwenyewe, tarakimu moja moja, kwa sauti, mpaka ya mwisho baada ya nukta. Kisha akasoma jina la mhakiki, na hali ya mtambo: unafanya kazi. Bwana Mita alikuwa ameshatoa kalamu, naye akaandika alivyosomewa. Hakuwa na kingine cha kufanya.

Dada alirudisha simu na kumtazama. Alimtazama sana, kichwa amekiinamisha upande wa jicho jipya. Akainuka, akamkaribia, akashika kola ya shati la kijivu kwa vidole viwili.

"Hili nililishona mimi?"

"Wewe."

"Kola imelala upande. Na bega hili limeshuka." Alipitisha kidole kwenye mshono, polepole, hadi chini. "Miaka miwili unapita nalo barabarani hivi. Nilikuuliza, ukasema limekaa sawasawa."

Bwana Mita aliinamisha macho kwenye mshono. "Nilikadiria," alisema.

"Vua," alisema dada, na mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye mkasi, bila kupapasa.