Ng'ombe Wangu Katika Zizi la Mjane

Admin, nifichie jina. Na wewe msomaji, ukinitambua kwa mwandiko, nyamaza.

Napenda kuutangazia umma wa Hanang, Mbulu na vitongoji vyake vyote kwamba mimi, mwanaume wa miaka hamsini na minne, baba wa watoto watano, kitambi mbele na nywele zimenihama, nimeacha rasmi kunywa chai ya maziwa. Taarifa hii imepokelewa kwa mshtuko. Mke wangu anasema ni vidonda vya tumbo. Mama muuza chai wa mnadani anasema ni ubahili wangu wa siku zote. Wote wamekosea. Chekeni hapa hapa, maana huko mbele vichekesho ni vichache.

Huku kwetu mtu mwenye ng'ombe hawaweki wote zizini kwake. Wengine anawapeleka kwa jirani au ndugu asiye na kitu. Yule anawatunza, anakunywa maziwa, anachukua samadi, lakini ng'ombe wanabaki wa mwenyewe. Na mtunzaji mwenye adabu hamtaji mwenye mali mbele za watu. Mimi wanne niliwaweka kwa mjane mmoja, tumwite Mama Paskalina. Kwangu ukiingia ulikuta mbuzi wawili na jogoo mwenye kiburi. Kwa macho tu, mimi ndiye niliyekuwa maskini.

Serikali ikaleta ruzuku kwa kaya zisizojiweza: kadi ya kutibiwa bure na sare za watoto wa shule. Mkutano ukaitwa uwanja wa shule, majina yakasomwa, watu wakasema nani anastahili. Mwishoni ikabaki nafasi moja na majina mawili, langu na la Mama Paskalina.

Sauti moja kule nyuma ikasema, "Huyu mama si ana ng'ombe wanne? Maskini gani anakamua asubuhi na jioni?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti akauliza, "Mama, ni kweli?"

Akasimama, akajifunga shuka vizuri. "Ng'ombe wapo zizini," akasema. Akakaa.

"Basi mama, ukiugua utauza mmoja," mwenyekiti akamwambia, kwa upole tu. Jina lake likakatwa. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu. Kadi nikapewa mimi.

Mvua zilipoisha akaanza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Binti yake, Paskalina, akaja kwangu nikiwa napukuchua mahindi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mama hajambo?"

"Anaumwa. Kule hospitali wanataka hela ya vipimo. Majirani wanasema tuuze ng'ombe. Mama anasema hawezi kuuza kisicho chake." Akainama. "Amenikataza nisikwambie hivyo. Amesema nikusalimie tu."

Nikamwambia nitakuja kesho. Kesho yake nikasema nimalizie mahindi kwanza. Siku ya tatu nikapanda bodaboda, nikakuta watu wameketi nje ya nyumba na moto umewashwa uani. Nikajua bila kuuliza.

Baada ya mazishi niliwaswaga ng'ombe kuja kwangu. Watu wakaniuliza, nikawaambia namtunzia yatima. Wakanisifu! Mzee mmoja akanishika mkono akasema wanaume kama mimi wamebaki wachache. Nikamjibu ni kweli.

Ila ng'ombe hawakukubali. Kila jioni wanasukuma boma la miiba, wanarudi kule. Nawafuata, nawakuta wamesimama mlangoni kwa marehemu, wanne kwa mstari, wameelekeza vichwa ndani. Jike la mabaka analia kama alivyozoea kulia kila Mama Paskalina alipochelewa na kibuyu cha kukamulia. Analia, kisha ananyamaza kidogo, kama anayesubiri kuitikiwa. Na mimi, mtu mzima, najikuta nasikiliza naye.

Paskalina anatoka na watoto wake wawili. Ananiamkia vizuri. "Baba, wamekuja tena," anasema. Hajawahi kuongeza neno. Ningefurahi kama siku moja angenitukana.

Sasa orodha inapitiwa upya. Wiki ijayo kuna mkutano, na jina la Paskalina limependekezwa. Mtoto wake mdogo ana kifua, analala ameketi. Lakini nimeshasikia wanasema kijiweni, "Huyo naye ana ng'ombe, si tunawaona kila jioni mlangoni kwake?" Nikisimama nikasema ni wangu, nitaulizwa kadi niliipataje, na mke wangu vidonge vya presha anavipata kwa kadi hiyo hiyo. Najua mtaniambia niuze ng'ombe mmoja. Ndivyo tulivyomwambia na yeye. Kinachonibana si vidonge. Ni ule uwanja, na nyuso zile zitakavyonigeukia.

Ndugu zangu mnaosoma, mngekuwa mimi mngeanza vipi? Nimwendee binti kwanza, au nisimame mbele ya wote? Nisemeni mtakavyo, ila mniambie la kufanya.

Lakini mkinishauri, mshaurini mtu mwenyewe, si huyu niliyewaandikia. Hapo juu nimesema kuna sauti kule nyuma. Nimeandika hivyo kwa sababu hata kichwani mwangu nimeizoea hivyo, kama ya mtu mwingine. Ilikuwa yangu. Nilisimama nyuma ya wenzangu, nikabadilisha sauti kidogo, nikaongeza na kichekesho ili wacheke. Viatu niliviangalia baadaye.

Mama Paskalina aligeuka akaniona. Aliniangalia tu, kisha akajifunga shuka na kuwajibu.

Jioni ile alimtuma binti yake aniletee kibuyu cha maziwa, kama kila wiki. Nikayatia kwenye chai, nikanywa.