Bomba Lililopinda Mwakitolyo

Huku kwetu Mwakitolyo, kwenye machimbo ya dhahabu, ukichimba shimo la nguzo, watu wanakuja kuchungulia. Juzi mafundi walikuwa wanaunga mabomba ya chuma ya maji. Kichwa cha bomba ni cha mviringo kama fundo la mfupa wa nyonga ya ng'ombe. Kinaingia kwenye mdomo wa lenzake, na hapo bomba linapinda bila kuvuja. Fundi mkuu alinieleza kwa kukunja kiwiko chake.

Mtaro ulikuja umenyooka, ukafika kwenye ua wa bibi mmoja, ukapinda. Wachimbaji wa dhahabu wakatazamana.

"Bomba la maji linapinda kwa nini?" akasema mmoja. "Hawa wanafuata dhahabu. Wana kipimo cha kuitambua."

Kesho yake asubuhi nilikuta bomba linaning'inia hewani, halijachomoka hata kidogo. Wachimbaji wanne walikuwa wamechimba usiku chini ya kona yake, wakatobokea pembeni kwenye choo cha zamani, wamezama hadi kiunoni.

"Ndicho nilichokikwepa!" fundi akafoka. "Bibi alinionyesha siku ile ile nilipomwamkia."

Nikamuuliza bibi mbona hawa hakuwaonya.

"Walipita hapa na sururu zao, hakuna aliyeniamkia. Niwaanze mimi?"

Tumeletewa chuma kinachopinda, shingo zetu bado ngumu.

Wale wanne wakatoka, wakajipanga mbele ya bibi, mikono wameiweka mbali na nguo.

"Shikamoo, bibi. Tunaomba maji tunawe."

"Marahaba, wajukuu zangu. Maji yanakuja na hilo bomba. Lifukieni."