Ukuta Umesimama

Kuna siku moja naikumbuka, mwanangu, hata nisipotaka. Nakusimulia leo kwa sababu umeniambia umepata kazi ya kulinda mtandao wa ofisi, na nilipokuuliza kama unawaamini wenzako, ulicheka. Sikukuuliza kwa mzaha. Mimi siamini haraka. Mpaka leo mtu akiniuliza jambo lile lile mara mbili, najiuliza moyoni anataka nini.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na sita hapa Eldoret, kwenye ofisi ya chama cha ushirika cha maziwa ambacho sitakitaja. Kazi yangu ilikuwa hiyo hiyo yako. Mbele ya seva tulikuwa na kompyuta moja kuukuu iliyokuwa ukuta wetu, na kila kilichotaka kuingia kiliulizwa hapo. Sasa sikiliza vizuri, maana hapa vijana wengi huteleza. Watu hudhani ukuta kama huo ukisimamishwa, njia inabaki wazi. Wetu haukuwa hivyo. Ukisimamishwa, uliwafungia watu wote nje isipokuwa kompyuta zilizoandikwa kwenye orodha fupi iliyokaa peke yake. Ni orodha ya siku ya shida, na kwa kuwa haitumiki kila siku, hakuna anayeikagua. Yetu ilikuwa na kompyuta mbili, yangu na ya Josfati.

Josfati alikuwa karani wa wafanyakazi. Jina lake la mwisho nitakuficha, maana najua ungelisoma vile vile nilivyolisoma mimi. Tulikuwa tumekunywa chai pamoja miaka mitatu. Lakini ule ulikuwa mwisho wa mwaka wa elfu mbili na saba, uchaguzi umekaribia, na mji mzima ulikuwa unanong'ona. Ilisemekana kuna watu wanaandika nani wa kabila gani anakaa wapi. Juma moja kabla ya kura, nikamkuta Josfati saa ya chakula, ofisi tupu, amefungua rejista ya wafanyakazi na anapitia ukurasa wa makao: huyu Yamumbi, huyu Kiplombe, huyu Langas. Aliponiona alitabasamu. Tabasamu lile lilinitia baridi.

Sikumuuliza kitu. Nilirudi mezani kwangu, na la kwanza nililofanya ni kumtoa kwenye orodha fupi. Nilijiambia kwamba ukuta wetu ukisimama hauandiki nani kapita, na mtu mwenye nia mbaya angengoja saa hiyo hiyo. Halafu nikaongeza mstari kwenye kanuni za kila siku, ili kila hatua ya kompyuta yake iandikwe. Niliuandika upesi huku jicho liko mlangoni, na sikuujaribu. Nikafunga chumba cha seva na chumba changu, funguo nikatia mkobani, nikaenda likizo.

Yaliyofuata baada ya matokeo unayajua. Kama huyajui, waulize wazazi wako mkiwa peke yenu, si mbele ya wageni. Mimi nilikuwa nyumbani Kiplombe, nimejifungia. Barabara iliwekwa mawe, na kwenye mawe walisimama vijana waliodai vitambulisho, wakasoma jina kisha wakaamua. Maduka yalifungwa, kredo ya simu haikupatikana. Niliweza kupigiwa tu.

Asubuhi ya siku ya tatu akanipigia Mzee Barnaba, mkuu wetu wa ofisi, mtu mpole asiyejua kupaza sauti.

“Roda, uko salama? Haya, tushukuru. Mimi niko ofisini na Josfati, yeye amekuwa akilala hapa, kwake hakuendeki. Tumepata lori na polisi wawili wa kutusindikiza. Tunataka kutoa watu wetu, lakini wengi walihama, na hiyo rejista haifunguki. Josfati anasema ukuta umesimama.”

Mwanangu, neno hilo kusimama lina sura mbili, na mimi nikachukua ile niliyoitaka. Josfati alimaanisha umekwama, haufanyi kazi. Mimi nikasikia umesimama imara, uko macho. Nikawaza, kama uko macho na unamkataa, basi huyu amegusa asichoruhusiwa. Na hilo lori ni la nani? Mbona Mzee anasema maneno ya Josfati?

“Kama umesimama, Mzee, wacha usimame,” nikasema. Kisha nikajifanya simsikii, nikakata simu.

Saa tatu nzima nilikaa na uamuzi huo, najiona nimeokoa watu. Naona aibu kukuambia kwamba hata chai nilikunywa.

Simu ilipolia tena alikuwa Josfati mwenyewe.

“Roda, usikate. Jana stima ilipotea, na tangu irudi huo ukuta haujaamka. Umesimama kabisa, haufanyi kazi. Si mimi niko kwa ile orodha? Mbona inanikataa? Tabitha alipiga kutoka Yamumbi, akasema moshi uko karibu, simu ikazima kabla aseme nyumba ile alihamia iko wapi.”

Tabitha alikuwa mpimaji wetu wa maziwa, mama wa watoto wawili. Hapo nikaelewa kila kitu kwa mara moja: mstari wangu mbovu ndio uliouzuia ukuta kuamka stima iliporudi, na orodha yangu ndiyo iliyomfungia nje mtu pekee pale ofisini ambaye angeifungua rejista. Nikawaambia wavunje mlango wa chumba changu. Kompyuta yangu ndiyo peke yake iliyobaki na njia. Nikaitaja paswadi herufi kwa herufi, huku Josfati akiiandika. Baada ya muda mfupi nikasikia lori likinguruma kwenye simu.

Wengine wote walipatikana salama. Tabitha walimkuta kwa jirani, mtu wa jamii nyingine, aliyemficha pamoja na wanawe nyuma ya magunia ya mahindi. Nyumba yake ilikuwa imeungua kiasi cha saa moja kabla hawajafika. Vyeti vyake, cherehani yake, nguo za watoto, vyote vilikwenda. Lori lilichelewa kwa saa ile moja, na mimi nilikuwa nimekalia saa tatu.

Ofisi ilipofunguliwa, Mzee Barnaba aliniita akafunga mlango. Aliniambia ni yeye aliyemwagiza Josfati asahihishe makao ya watu, kwa kuwa aliona mambo yanakoelekea. Hakumwambia mtu mwingine kwa sababu naye alishuku kila mtu, pamoja na mimi. Kisha akataka nimwonyeshe orodha fupi.

“Ulimtoa kwa nini?”

“Nilimshuku, Mzee.”

“Alikuwa amekosa nini?”

Akaweka kidole kwenye kioo, pale palipokuwa na kompyuta ya Josfati.

“Kule barabarani waliweka mawe wakauliza watu vitambulisho,” akasema. “Wewe uliuliza cha Josfati mapema kuliko wao.”

Hakunifukuza kazi, na nilitamani anifukuze. Nilimwendea Josfati nikamweleza yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Nilijua ni wewe. Nilijua hata kabla nikupigie.” Tuliendelea kusalimiana vizuri kila asubuhi. Chai hatukunywa tena pamoja.

Kwa hiyo sikwambii uache kushuku, mwanangu, maana kazi yako ndiyo hiyo. Ila anza kwa kuushuku mstari uliouandika ukiwa na hofu, na sikio lako linaposikia kile kile ulichokuwa unakiogopa. Orodha ya nani apite siku ya shida iandike siku tulivu, mwenzako akiwa kando yako, mkitazama kazi ya kila mtu. Halafu usimamishe huo ukuta mchana, kwa makusudi, uone nani anabaki nje. Na ukimshuku mtu, muulize usoni. Josfati angenijibu kwa maneno mawili, na Tabitha angekuwa na vyeti vyake.

Nenda salama. Mungu ailinde mikono yako inapoandika majina ya watu, akujalie kuijua kazi ya mtu kabla ya kulisoma jina lake. Na siku utakapofungiwa nje wewe, aliye ndani akufungulie bila kukuuliza kwenu ni wapi.