Haumwi Popote, Lakini Moyo Wake Unavuja

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, mama wa miaka hamsini na mmoja amesimama ghorofa ya tisa ya jengo la ofisi, ndoo ya bluu miguuni, dekio mkononi. Anaegemea chuma cha ngazi, anavuta pumzi mara mbili, kisha anainama na kuanza kupiga deki kurudi chini.

Huanzia juu kwa sababu maji machafu hayapandi. Kabla ofisi hazijafunguliwa saa mbili, lazima awe amemaliza ngazi zote 176. Lifti ipo, ila watu wa usafi hawaruhusiwi kuingia nayo wakiwa na ndoo.

Wenzake humwita Mama Ngazi. Ni mwaka wa kumi na tisa sasa anazisugua.

Ndoo yake imejaa nusu tu. "Daktari alinikataza kubeba vizito," anasema. "Kwa hiyo najaza nusu, halafu nateremka kuchota mara mbili. Sasa sijui nimeupumzisha moyo au nimeichosha miguu."

Hacheki anaposema hivyo. Anayecheka ni mwenzake anayefuta vioo, na naye hanyamazi mpaka aongeze lake: "Mgonjwa gani huyu? Ananishinda kupanda!"

Hapo ndipo ilipo shida yake yote.

Miaka miwili iliyopita, kampuni ya usafi iliyomwajiri ilitaka wafanyakazi wote wapimwe afya kabla ya kusaini mkataba mpya. Alitegemea ataambiwa habari za presha au sukari. Mganga kijana alimwekea chombo kifuani, akakihamisha, akakirudisha palepale. Kisha akaenda kumwita mwenzake.

"Wakawa wawili wananisikiliza kama redio inayokwaruza. Nikawauliza, 'Wanangu, mnasikia nini huko?' Mmoja akasema, 'Mama, kuna sauti ambayo haitakiwi kuwepo.'"

Kipimo kikubwa cha moyo, ambacho wagonjwa hukiita eko, kilimaliza ubishi. Vali mojawapo ya moyo wake ilikuwa inavuja.

Daktari bingwa wa moyo, mwanamke wa makamo asiyependa maneno mengi, alimweleza kwamba vali ni kama mlango wa kutokea tu: damu ikishapita, unafunga isirudi. Wake haufungi sawasawa. Kila pigo, sehemu ya damu hurudi ndani na moyo ukalazimika kuisukuma upya.

Alimuuliza kama aliwahi kuugua utotoni. Mama Ngazi akakumbuka: akiwa na miaka tisa alilala wiki tatu, koo linamuuma na magoti yamevimba. Marehemu mama yake alimkanda kwa maji ya moto. Akapona, akarudi shule, mambo yakasahaulika. Daktari alimwambia huenda chanzo ni hapo.

Kisha likaja swali ambalo mpaka leo linamkera.

"Daktari akaniuliza, 'Unajisikia kuchoka?' Nikamwambia, 'Daktari, nani hachoki?' Akasema, 'Namaanisha kuchoka kusiko kwa kawaida.' Mimi kawaida yangu ni kuchoka. Ningetofautishaje?"

Hakuwa na dalili yoyote. Kifua hakikuuma, pumzi haikukata, miguu haikuvimba. Hakupewa dawa ya kuziba vali, maana dawa hiyo haipo. Alipewa vidonge vya presha, akaambiwa atunze meno yake, kwa sababu uchafu wa kinywani unaweza kuingia kwenye damu na kuishambulia vali, na arudi kila baada ya miezi sita kupigwa eko.

Eko moja ilikula karibu theluthi ya mshahara wake. Lakini anasema kilichomchosha zaidi ni kungoja.

"Ugonjwa ukiuma, unajua adui yuko wapi. Huu haubishi hodi. Nikipanda ngazi nikahema, najiuliza: ni uzee, ni ngazi, au ndiyo yenyewe imefika? Nikikosa usingizi, najiuliza. Kazi ya kujisikiliza haina mapumziko."

Kazini alikwenda kwa msimamizi kuomba ahamishiwe ghorofa ya chini. Alijibiwa, "Kama mgonjwa, leta barua ukae nyumbani. Kama mzima, chukua ndoo." Akachukua ndoo.

"Si mgonjwa wa kuhurumiwa, wala si mzima wa kuachwa," anasema. "Niko katikati, na katikati hakuna kiti."

Nyumbani, mume wake, fundi viatu mwenye kibanda kando ya barabara, aliikariri orodha ya dalili alizotaja daktari. Kila jioni, kabla hajavua kofia, humuuliza mkewe: Kifua? Pumzi? Kizunguzungu?

"Kama mwalimu anaita mahudhurio," anasema mkewe. "Siku moja nikamwambia, 'Baba, hebu leo niulize kama nimekula.'"

Fundi viatu anakubali kosa lake. "Niliulizia yote matatu," anasema taratibu, "kwa sababu sikujua kingine cha kumfanyia."

Eko tatu za kwanza za marudio zilionyesha hali haijabadilika. Ya nne, miezi miwili iliyopita, haikutoka hivyo. Daktari aliitazama picha kwa muda mrefu, akapima na kupima tena, kisha akavua miwani.

"Moyo umetanuka, mama. Kwa muda mrefu umekuwa ukibeba kazi mbili bila kulalamika. Sasa umeanza kulegea."

"Lakini mimi sijisikii chochote."

"Najua. Ndiyo maana tunakupima."

Akamshauri afanyiwe upasuaji wa kubadilisha vali, na asikawie.

Mama Ngazi alitoka pale, siku ya pili akapanda ghorofa tisa kama kawaida. Hakumwambia mtu kwa siku nne. Ya tano akamwambia mumewe, na Jumapili ukoo ukakutana sebuleni.

Kaka yake mkubwa alisema waziwazi kwamba haelewi. "Asiyeumwa hapelekwi kisuni. Mtu anatembea, anakula, anagombana na watu. Mnampasulia nini?"

Fundi viatu akaanza, "Usipoziba ufa…"

"Shemeji, methali si daktari," kaka akamkata.

Binti yao wa pekee, mshonaji, alisoma kwa sauti karatasi ya hospitali tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyebadili msimamo. "Wote walikuwa wanasema kweli," anakumbuka mwenye moyo wenyewe. "Ndiyo maana nilichoka."

Wiki iliyofuata alirudi kliniki, akiwa na nia ya kumwambia daktari asubiri kwanza. Kwenye benchi alikaa karibu na mwanamke wa rika lake, aliyekuwa anazungumza maneno mawili, anapumzika, anaongeza mawili. Miguu ilikuwa imefura mpaka viatu havikumwingia, akavaa ndara za mwanawe. Usiku alikuwa analala ameketi, mito mitatu mgongoni.

"Nikamuuliza, na wewe ni vali? Akatikisa kichwa kukubali. Nikamuuliza, wewe walikwambia lini? Akasema, 'Miaka… minne. Nilisubiri… niumwe.' Basi."

Mwanamke yule aliitwa ndani kabla yake. Alipotoka, alikuwa ameambiwa kwamba upasuaji bado unawezekana, ila hatari yake sasa ni kubwa zaidi.

Mama Ngazi alipoingia, hakusema alichokwenda kusema. Alisema, "Andika tarehe."

Jioni hiyo akamtuma mumewe: "Mpigie kaka simu, mwambie nimekubali. Mimi sina nguvu ya kueleza." Kaka mtu akauliza tu ni lini aje kutoa damu.

Tarehe ni wiki ya tatu ya mwezi ujao. Tayari ameng'olewa meno mawili mabovu, ili yasije yakachafua vali mpya. "Nimeanza kupunguzwa kidogo kidogo," anatania, mkono shavuni.

Baada ya upasuaji atakaa nyumbani miezi mitatu. Vali atakayowekewa ni ya chuma, hivyo atameza dawa ya kuzuia damu kuganda na kupimwa damu maisha yake yote. Msimamizi amesema nafasi yake itashikiliwa. Alipoombwa aandike, alisema atafikiria.

Anaogopa? Anaitazama mikono yake iliyochubuliwa na sabuni.

"Naogopa, sitasema uongo. Lakini kuogopa kitu chenye tarehe ni afadhali."

Ana dada yake mdogo anayeishi mbali, safari ya siku nzima kwa basi. Kwa miaka kumi na moja amekuwa akimwalika, na kwa miaka kumi na moja jibu limekuwa kazi. Akishapona na daktari akimruhusu, anasema, hiyo ndiyo safari ya kwanza. Hana mpango wa kutembezwa wala kuonyeshwa mji.

"Nikifika nataka nikae kwenye kiti, dada aniletee maji ya kunywa. Niyanywe taratibu. Na asiniulize najisikiaje."