Mchukuzi wa Vyungu na Kilima cha Mzee Thuwein

Jua limeshapanda juu ya mikarafuu, na Kificho Nyange yuko kileleni, mguu mmoja chini na mwingine juu ya pedeli. Nyuma yake, kwenye keria, yamefungwa matenga mawili yaliyojaa vyungu. Kila chungu kimefungwa majani makavu ya mgomba, na vidogo vimetiwa ndani ya vikubwa. Mbele yake njia ya miguu inateremka baina ya miti, nyembamba na laini, mpaka barazani kwa Mzee Thuwein bin Thabit.

Leo Kificho haendi sokoni tu. Leo anapimwa. Akiweza kusimama mbele ya baraza lile na kushuka kitini, njia itakuwa yake tena. Akishindwa, vyungu vya mwezi huu wa Shaabani vitabaki kijijini kwao Vitongoji, na kazi yake imekwisha.

"Kilima hakinitishi," anasema, huku akivuta kamba kuona kama imekaza. "Nakijua kuliko chumba changu. Anayenitisha ni mzee."

Kificho ana miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye miguu iliyokakamaa kwa kupanda na kuteremka. Kazi yake ni kuchukua vyungu anavyofinyanga mkwewe, Bi Mwanapili, na kuvifikisha sokoni Chake Chake. Kabla yake vilichukuliwa kichwani, vichache vichache. Alipomuoa Kazija, binti wa Bi Mwanapili, alikuja na baiskeli yake na wazo lake, na watu wakamcheka.

"Nilimwambia Kazija, mumeo ataka kuniua," anasimulia Bi Mwanapili, mikono imejaa udongo mpaka kwenye viwiko. "Chungu na baiskeli, wapi na wapi? Siku ya kwanza nilikaa hapa nimeshika tama. Karudi jioni, matenga matupu, hakikuvunjika hata kimoja. Mie n'kanyamaza."

Siri ya Kificho ni njia. Barabara ya magari, malori ya karafuu yameikunjakunja kama bati. Ukipita huko na vyungu ishirini, anasema, ushukuru ukifika na kumi na tano. Na lori likikupita, vumbi linakufanya usijue mtaro uko wapi.

Njia ya mashambani ina milima mingi zaidi, lakini haina gari hata moja. Udongo wake umefunikwa na majani ya mikarafuu, na gurudumu linapita juu yake bila kishindo. Kwenye mpando Kificho huisukuma baiskeli. Kwenye mteremko hupanda.

"Pale juu ukishavuta pumzi, huna wa kumwogopa," anasema. "Hakuna honi. Wasikia mnyororo wako tu na ndege. Mie napapenda pale, sikufichi."

Njia yenyewe, lakini, inapita katikati ya shamba la Mzee Thuwein, na mbele kabisa ya baraza lake. Na hapa Pemba hakuna asiyejua adabu ya baiskeli. Ukifika mbele ya wazee unashuka, unaiburura, unaamkia, unajibiwa, ndipo unapopanda tena. Atakayepita amekaa kitini atasemwa mpaka msimu ujao wa karafuu.

Mwezi wa Rajabu, Kificho alipita amekaa kitini.

Breki zilimwishia katikati ya mteremko, matenga yamejaa. Barazani kulikuwa na wageni wa heshima kutoka Wete, wamevaa kanzu zao. Angeweza kujitupa kwenye mkarafuu na kuvunja kila kitu, pengine na shingo yake. Hakujitupa.

"Nilipiga shikamoo kwa sauti yangu yote," anasema na kuanza kucheka. Kisha anaacha kucheka. "Marahaba sikuisikia. Nilikuwa nimeshafika mtoni."

Mzee Thuwein hacheki hata leo. Ni mzee mrefu, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, na anazungumza taratibu kama mtu anayechambua mchele.

"Wageni wangu wamekaa, kijana kapita kama afukuzwaye na nyuki," anasema. "Shikamoo yenyewe imenifikia kisogoni. Mie mtu wa kuamkiwa kisogoni?"

Siku ileile alitoa amri: miguu ipite shambani kwake, magurudumu yasipite.

Amri hiyo isingeweza kuja wakati mbaya zaidi. Shaabani ndio mwezi wa wafinyanzi. Kila nyumba inataka chungu kipya cha futari, kikaango kipya, mtungi mpya wa maji ya kufungulia. Chini ya banda la Bi Mwanapili vyungu vilipangana mpaka kuku wakakosa pa kulala. Kificho alijaribu barabara ya magari mara moja tu, akarudi na vigae. Mkwewe aliviokota kimoja kimoja.

"Bora angenitukana," anasema Kificho.

Washauri hawakukosekana. Hamad, anayeuza mihogo karibu naye sokoni, alimwambia wazi kwamba haya ni mambo ya siasa, kwamba mzee anamfungia njia kwa sababu ya chama.

"Siku hizi kila kitu chama," anasema Kificho. "Kuku akikataa kutaga, chama. Mie nilimwambia Hamad, mzee kakasirika kwa sababu sikushuka. Hata ningekuwa mimi, ningekasirika."

Kwa hiyo Ijumaa moja, baada ya sala, alikwenda kwa miguu. Aliamkia, akaomba radhi, akaeleza habari ya breki. Mzee Thuwein alimsikiliza mpaka mwisho.

"Radhi n'shakupa," akamwambia. "Njia sijakupa. Nioneshe kwanza kwamba waweza kusimama. Na matenga yawe yamejaa, usinijie na baiskeli tupu."

Breki mpya za kuaminika hazikupatikana Chake. Kificho akageukia vitu vya nyumbani. Alitafuta kigogo cha mnazi, akakifunga kwa kamba ya usumba nyuma ya baiskeli. Kwenye mpando kigogo hukaa juu ya matenga. Kwenye mteremko hukiangusha, kikaburuzwa nyuma na kuizuia baiskeli isikimbie. Alijaribu kwanza na mawe, halafu na vyungu vilivyopasuka. Baiskeli ilimwangusha, akainuka, akarefusha kamba, akaanza tena.

"Bismillahi," anasema sasa kileleni, na kigogo kinaanguka.

Baiskeli inateremka. Kigogo kinakwaruza ardhi, majani yanaruka pande zote mbili, na Kificho amenyoosha mgongo kama anakwenda harusini. Kwenye kona, tenga la kulia linaegemea. Analivuta kwa kiwiko bila kugeuka nyuma. Mwendo ni wa mtu anayetembea kwa haraka kidogo, si zaidi. Mbele ya baraza, hatua kadhaa kabla ya ngazi, baiskeli inasimama.

Anashuka. Anaiegemeza kwenye mnazi, anavua kandambili, na anapanda ngazi.

"Shikamoo, mzee."

Mzee Thuwein anamtazama, anayatazama matenga, anakitazama kigogo.

"Marahaba. Hujambo? Mkweo hajambo? Watoto je? Na za Vitongoji?"

Kificho anajibu yote, moja baada ya jingine. Ndipo mzee anamuuliza, "Una haraka?"

Sokoni Chake wanunuzi wazuri huja asubuhi, na hawamngoji mtu. Kificho anatupa jicho kwenye matenga, kisha anamtazama mzee.

"Sina, mzee," anasema, na anakaa.

Kahawa inaletwa. Nyumba ni kubwa na kimya. Mkewe Mzee Thuwein ameshatangulia mbele ya haki, na watoto wake wote wanaishi Unguja. Mzee anataka kujua nani kaoa, nani kazaa, mpunga umefanyaje, nani mgonjwa. Kificho anamweleza, na mahali fulani katikati ya habari za mpunga, mzee anakiweka kikombe chini.

"Zamani hino njia ilikuwa na watu," anasema. "Siku hizi wote wamo malorini. Nakaa hapa asubuhi nzima, hapiti mtu. Akapita mmoja tu, naye asishuke?"

Kificho anainamisha kichwa.

"Njia ni yako, mwanangu," anasema mzee. "Pita na magurudumu yako."

Anapofika Chake soko limeshapungua, lakini wanaotaka vyungu vya Ramadhani bado wapo, na jioni anarudi na tenga moja tupu na jingine nusu. Anaamini kwamba mpaka mwezi uandame banda la Bi Mwanapili litakuwa jeupe. Baada ya Idi anataka kutafuta breki mpya, na akijaaliwa, kuvifikisha vyungu vya mkwewe mpaka Wete.

Lakini mpango wa karibu ni mdogo zaidi. Tangu kesho atatoka nyumbani mara tu baada ya sala ya alfajiri.

"Sitaki mzee akae akinisubiri," anasema.