Jikoni Kongo, Chumbani Rwanda

Habari ilinifikia Jumanne asubuhi, nikiwa nabadilisha neno moja kwa mara ya sita katika makala ambayo hamtaisoma kamwe, kwa kuwa sikuthubutu kuituma. Ujumbe ulitoka kwa mume wa mama mmoja muuza karoti niliyemfundisha mambo ya kompyuta mwaka jana: "Mwalimu mama ametuacha moyo umesimama mazishi kesho". Naungama mbele yenu, wasomaji wangu: kabla ya kulia, niliweka nukta kichwani mwangu pale zilipokosekana. Nikajichukia, kisha nikalia.

Kesho yake tulijaa uani kwake, nyumba chache tu kutoka mpaka wa Rwanda na Kongo, na padri akatuomba tuinamishe vichwa. Hapo simu moja ikalia mfukoni mwa mtu wa mbele, nyingine nyuma yangu, kisha zote kwa pamoja, ikiwemo moja ndani ya kanzu ya padri. Ujumbe ulikuwa mmoja, wa mtandao wa simu wa ng'ambo: karibu Kongo, tunakutakia safari njema. Mumewe, ambaye hakuwa ameinua uso tangu asubuhi, akageuka akatutazama. "Mumekaa upande wa jikoni," akasema. "Mi niliwaambia." Uani pakawa kicheko kitupu, na padri naye hakubaki nyuma.

Niwaeleze ilivyokuwa. Marehemu alikuwa katika ushirika wa akina mama wanaovusha mboga kwenda Goma, upande wa Kongo, kila siku. Mwaka jana ukaja utaratibu mpya: fomu za mizigo zijazwe mtandaoni, na kila ushirika uwe na mtu mmoja mwenye cheti cha mafunzo ya kidijitali, yanayotolewa bure kwa simu. Ushirika usio na mtu huyo ungejaziwa fomu na ushirika mwingine, baada ya huo mwingine kumaliza zake, na karoti zikisubiri juani hadi saa tano hazina tena mnunuzi wa maana. Wenzake walimchagua yeye kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa anabonyeza kitu bila kuuliza kitafanya nini. Mimi nilichaguliwa kuwa mkufunzi wa kujitolea kwa sababu nimejifundisha kila kitu mwenyewe mtandaoni. Sikuwaambia kwamba nimefika somo la mwisho la kozi tisa na sijamaliza hata moja, maana mwisho wa kila kozi kuna mtihani, na mwisho wa mtihani kuna kitufe cha kutuma.

Siku ya kwanza alikaa jikoni, akafungua somo, na simu ikamjibu kwamba mafunzo haya ni ya walio ndani ya nchi tu. Akaitazama. "Na mi niko wapi?" akaiuliza. Tukagundua kwamba pale jikoni simu yake ilikuwa inashika mnara wa Goma, na mfumo, ambao ulitengenezwa usisomeshe majirani kwa fedha za umma, ulimhesabu kuwa jirani. Tulizunguka nyumba nzima na simu mkononi kama watu wanaotafuta kuku. Jikoni ilikuwa Kongo, chumba cha kulala Rwanda, na sebule ilitegemea hali ya hewa. Mvua ikinyesha, Kongo inaongezeka.

Tangu siku hiyo, jioni akiinjika maharage alikuwa anamwita mumewe. "Papa, naenda Rwanda kidogo. Angalia sufuria."

"Na jeto uko nayo?" mumewe alimjibu, akimaanisha kile kikaratasi cha kuvukia mpaka.

"Mutu haombi jeto ya kwenda kwa kitanda yake."

Maharage yaliungua mara nyingi. Mumewe alikula bila kulalamika, ila aliuliza kila mara Kongo walipika nini leo.

Mimi nilikuwa naandika barua. Niliamua ofisi inayosimamia mafunzo lazima ijue, na lazima ijue kwa Kiswahili safi, chenye utangulizi, hoja na hitimisho. Niliandika rasimu kumi na moja. Wazazi wangu walirudi kutoka Tanzania nikiwa nimeshasoma huko, na marehemu alizoea kunitania kwamba Kiswahili yangu imepigwa pasi. Akaniuliza barua imefika wapi, nikamwambia bado nasita kati ya "tunaomba" na "tungependa kuomba". Akanitazama kama alivyoitazama simu ile siku ya kwanza. Kisha akainua simu yake, akabonyeza kitufe cha sauti, na hapo hapo, huku akikoroga sufuria, akaitumia ofisi ujumbe: "Bon, miye ni mama wa karoti. Jikoni yangu munasema ni Kongo. Mukuje mukae, mutaona. Chai iko."

Wakaja. Yaani alikuja mmoja, afisa mwenye mkoba, siku moja kabla ya tarehe ya mwisho ya mtihani. Alikaa jikoni, akapokea kikombe, na simu yake ikalia. Aliposoma kwamba amekaribishwa Kongo, alisimama na kikombe chake mkononi.

"Mama, mimi sijaomba ruhusa ya kutoka nchini," alisema. "Kazini kwetu hilo ni kosa."

"Kaa tu, mwana wangu," marehemu akamwambia. "Polisi ya hapa ni mimi."

Hakukaa. Alimaliza chai yake akiwa mlangoni, mguu mmoja kila upande. Alikiri kwamba kosa ni lao, lakini yeye hana uwezo wa kurekebisha mfumo, na tarehe haisogezwi. Akaomba angalau kesho yake aje ashuhudie mtihani.

Kesho yake mvua ilinyesha tangu alfajiri. Kongo iliingia sebuleni, ikaingia chumbani, ikapanda kitandani. Sehemu ya Rwanda iliyobaki ilikuwa hatua mbili tu, nyuma ya nyumba, kando ya kibanda cha sungura. Marehemu akageuza kreti ya bia, akaikalia, akaanza mtihani, na yule afisa akamshikia mwavuli. Akina mama wa ushirika walijipanga ukutani, maana siku hiyo ndiyo ingeamua kama karoti zao zingekuwa za kwanza mpakani au za mwisho. Alipofika mwisho nilimsihi apitie upya majibu yake, tangu la kwanza.

"We mwalimu," akasema, "mvua iko inanyesha." Akatuma.

Alifaulu, si kwa alama za kujivunia. Cheti kilikuja chenyewe, kikiwa na kila alichoandika kwenye fomu, ikiwemo mahali alipofanyia mtihani: Kwa Sungura. Kiko ukutani kwenye ofisi ya ushirika, kimetiwa fremu, na siku ya mazishi kilisimamishwa kando ya picha yake.

Nimefikiri sana tangu siku hiyo. Wanaopanga mafunzo haya si watu wabaya; huhesabu simu, minara na vyeti, lakini wanasahau kuuliza mwanafunzi atakaa wapi, na nani atageuza maharage. Sera ya namna hiyo hukamilika mezani kama rasimu zangu zinavyokamilika kwangu, na mimi ndiye wa mwisho kustahili kuwacheka. Mfumo haujabadilishwa hadi leo. Baada ya maziko, mama mmoja wa ushirika aliyechaguliwa kuchukua nafasi ya marehemu na kusomea palepale kwake aliniuliza kwa sauti ya chini kama ile kreti bado ipo.

Ipo. Niliikalia mimi kwanza. Nikaitoa ile rasimu ya kumi na moja, nikafuta utangulizi, hoja na hitimisho, nikaandika kwamba mwanafunzi mwingine anaanza wiki ijayo jikoni mulemule, waje wakae, wasiondoke mpaka wamerekebisha, na chai iko. Nikabonyeza bila kupitia upya. Dakika ileile niliona nimekosea herufi mbili. Fomu ya ofisi ilikuwa imeuliza natuma kutoka wapi. Hapo pekee sikukosea. Niliandika: Kwa Sungura.