Mikono ya Shemeji

Mtaani walimwita Barafu, kwa kuwa tangu aolewe hakuna aliyesikia sauti yake ikivuka kizingiti. Alishona sare za shule chumba cha mbele, na kila kilichomuudhi alikimeza.

Aliyemuudhi kupita wote ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyekuja kukaa siku mbili tatu akaota mizizi. Mikono yake ilikuwa inamwasha. Kitu kizima hakikumpa usingizi mpaka akifungue. Aliifungua feni, ikabaki kunguruma bila kupuliza. Alikitengeneza kitasa cha choo, mama mkwe akafungiwa ndani hadi dirisha likang'olewa. Mume alicheka tu, akimwambia mkewe avumilie, huyo ndivyo alivyo tangu utotoni.

Sasa cherehani. Chuma kinachounganisha pedeli na gurudumu kilikuwa na ufa. Barafu alikifunga kwa mpira wa baiskeli na kukiacha kilegee makusudi, maana kikikazwa kitapasuka. Kilipiga kelele, lakini kazi ilikwenda. Alimkataza shemeji kukigusa, tena mbele ya mumewe.

Jumamosi akatoka kununua vifungo. Sare za darasa zima zilitakiwa Jumatatu asubuhi. Kurudi, anakuta mpira sakafuni, shemeji kashika spana, na chuma vipande viwili.

"Nilitaka kukuondolea zile kelele, shem," shemeji alisema, bila hata haya.

Barafu aliweka vifungo mezani. Halafu sauti ikamtoka, na majirani wakaja madirishani. Alianza na feni, akaja kwenye kitasa, hakubakiza kitu. Mume akatoka chumbani, akamwomba apunguze hasira, chuma si kinachomelewa tu?

"Wewe ndiye unayemlea," Barafu alimgeukia. "Akivunja, unacheka. Haya chagua, Baba Watoto. Leo alale kwingine, au nihame mimi na cherehani yangu."

Mume aliinama, akaokota mpira. Shemeji alingoja kutetewa, akangoja sana, mwisho akaenda kuchukua begi lake.

Fundi wa kuchomelea alikuwa ameshafunga hadi Jumatatu. Barafu akavuta kiti kando ya cherehani, akamkalisha mumewe, akamshikisha gurudumu la juu alizungushe kwa mkono, yeye akaelekeza kitambaa. Kwenye sketi ya tatu mume akalalamika kwamba bega linawaka moto, akaomba wapumzike kidogo.

Barafu hakumtazama.

"Zungusha," alisema.